Geoffrey Spicer-Simson, komanda aliyevusha boti za vita juu ya milima hadi Ziwa Tanganyika

Bukavu – Maji yanayotoka Ziwa Kivu hapa Bukavu yanapita chini ya daraja la Ruzizi, yanashuka bonde hadi karibu na Uvira, yanaingia Ziwa Tanganyika, na mwishoni yanatoka ziwani kwa mto mmoja tu, Lukuga, pale Kalemie. Karibu na mdomo wa mto huo, mwishoni mwa mwaka 1915, afisa mmoja Mwingereza alishusha majini boti mbili za mbao zilizotoka London. Jina lake Geoffrey Spicer-Simson. Katika muda wa wiki saba, meli mbili za kivita za Wajerumani zilikuwa zimeondoka mikononi mwao, na njia ya majeshi ya Kongo kuvuka kuelekea mashariki ikaanza kufunguka.

Vitabu vingi vimeandikwa juu yake. Wengine wanamfanya shujaa, wengine wanamcheka. Maisha yake yanaonyesha mambo yote mawili. Yanaonyesha pia kwamba kazi iliyompatia jina ilifanywa kwa mabega ya watu wengi wa inchi hii ambao majina yao hayakuandikwa mahali popote.

Mtoto wa bahari asiyekuwa na bahati

Spicer-Simson alizaliwa mwaka 1876 huko Hobart, kwenye kisiwa cha Tasmania, Australia. Baba yake alikuwa mfanyabiashara aliyezunguka dunia. Alipokuwa bado mdogo, jamaa ilirudi Ufaransa, na huko ndiko alikojifunza Kifaransa vizuri. Lugha hiyo ndiyo ingemsaidia baadaye mbele ya Wabelgiji.

Mwaka 1890, akiwa na umri wa miaka 14, aliingia katika jeshi la majini la Uingereza. Alikuwa mtu mrefu, mwenye nguvu, na mikono iliyojaa chanjo za picha za nyoka na wanyama wengine. Kazi ya kupima maji na kuchora ramani aliijua vizuri. Aliifanya huko Borneo, kwenye mito ya China, na kwenye mto Gambia, Afrika ya Magharibi. Mwaka 1902 alioa, na mke wake Amy alibaki naye maisha yote.

Lakini kupanda cheo kulimshinda. Wenzake walimjua kwa maneno mengi. Alisimulia mawindo ambayo hakuna aliyeyaamini, na alipenda kuonyesha kwamba anajua kila kitu kuliko mwingine. Ajali nazo zilimfuata. Meli aliyoiongoza iligonga mashua moja, na kabla ya hapo, katika mazoezi, alikaribia kuzamisha nyambizi ya jeshi lake mwenyewe.

Vita vya kwanza vya dunia vilipoanza mwaka 1914, alipewa kundi la meli ndogo za kulinda pwani ya kusini mashariki ya Uingereza. Tarehe 11 mwezi wa 11 mwaka huo, moja ya meli zake, HMS Niger, ilipigwa na nyambizi ya Wajerumani mchana, karibu na mji wa Deal, ikazama. Spicer-Simson hakuwa ndani yake. Alikuwa inchi kavu, pamoja na mke wake na wageni. Alinyang'anywa kundi hilo, akapelekwa ofisini London kushughulika na karatasi. Alikuwa na umri wa miaka 38, na ilionekana kwamba kazi yake imefikia mwisho.

Meli ya Delcommune yaharibiwa, vita vyaingia Kongo

Wakati huo huo, upande wetu, mambo yalikuwa yameharibika. Ubelgiji ilikuwa imetumaini kwamba Kongo haitaingizwa katika vita vya wazungu. Tumaini hilo lilikufa kwenye Ziwa Tanganyika.

Katikati ya mwezi wa nane mwaka 1914, Wajerumani walishambulia Mokolobu, upande wa Uvira, wakaharibu mitumbwi na kukata waya wa simu. Tarehe 22 mwezi huo huo, meli yao Hedwig von Wissmann ilifika upande wa Lukuga na kuifyatulia mizinga Alexandre Delcommune, meli pekee ya maana ya Wabelgiji kwenye ziwa hilo. Delcommune ilipigwa na kuharibika. Haikuzama, lakini haikuweza tena kufanya kazi. Ilivutwa ufukweni, na kwa muda mrefu ikabaki hapo ikingoja matengenezo.

Mwezi uliofuata vita vilifika Ziwa Kivu. Tarehe 24 mwezi wa tisa, Wajerumani wakiongozwa na kapiteni Max Wintgens waliteka kisiwa cha Idjwi. Toka Idjwi waliweza kuona na kusumbua pande zote mbili za ziwa, ikiwemo njia ya majini inayofika Bukavu. Wakaaji wa kisiwa walijikuta katikati ya vita wasivyovijua chanzo chake.

Lakini ufunguo wa vita vyote ulikuwa Tanganyika. Ziwa hilo lina urefu wa karibu kilometa 670. Aliyelishika aliweza kupeleka askari toka Kigoma hadi Usumbura, ambayo leo ni Bujumbura, kwa siku chache, na toka hapo kupanda bonde la Ruzizi. Asiyelishika alilazimika kutembea kwa miguu, na wapagazi nyuma yake. Majeshi ya Force Publique yaliyokuwa yamejipanga kati ya Kivu na Ruzizi hayakuweza kushuka kusini kwa usalama ikiwa adui anaweza kutua nyuma yao usiku wowote.

Wajerumani walilijua hilo. Huko Kigoma walikuwa na Hedwig na meli nyingine ndogo, Kingani. Zaidi ya hizo, walikuwa wanaunganisha meli kubwa iliyotengenezwa Papenburg, Ujerumani, kisha ikafunguliwa vipande na kuletwa katika masanduku karibu 5,000. Hiyo ilikuwa Graf von Götzen. Ilishushwa majini mwezi wa pili mwaka 1915. Baadaye iliwekewa mzinga mkubwa uliotolewa kwenye meli ya kivita Königsberg, ambayo Wajerumani wenyewe waliizamisha katika mto Rufiji mwezi wa saba mwaka huo, baada ya Waingereza kuipiga. Meli nzima ya Delcommune ilikuwa kitu kidogo mbele ya Götzen.

Boti mbili juu ya milima

Wazo la kuleta boti halikutoka kwa Spicer-Simson. Lilitoka kwa mwindaji mmoja wa ndovu, John R. Lee, aliyelijua vizuri eneo hili. Mwezi wa nne mwaka 1915 Lee alifika London na kueleza wakubwa wa jeshi la majini kwamba boti ndogo zenye mwendo zinaweza kuletwa kwa meli hadi Cape Town, kisha kwa reli hadi Katanga, kisha kuvutwa juu ya milima hadi mto Lualaba. Wazo lilikubaliwa. Lakini nani aongoze? Maofisa wazuri walikuwa wote vitani. Spicer-Simson alikuwa ofisini, alijua Kifaransa, na alikuwa amefanya kazi Afrika. Akapewa yeye.

Boti zilikuwa na urefu wa meta 12 hivi, kila moja ikiwa na injini mbili za petroli, mzinga mdogo mbele na bunduki ya rashasha nyuma. Spicer-Simson alipendekeza ziitwe Paka na Mbwa. Wakubwa wakakataa, wakiona ni aibu kwa jeshi. Akaleta majina mengine mawili, Mimi na Toutou, nayo yakapita. Msomaji wa Bukavu anayejua Kifaransa ataelewa ujanja wake: ndivyo watoto wa Ufaransa wanavyoita paka na mbwa.

Kundi la watu 28 liliondoka Uingereza tarehe 15 mwezi wa sita mwaka 1915. Walifika Cape Town mwanzoni mwa mwezi wa saba, na kabla mwezi huo haujaisha walikuwa Elisabethville, ambayo leo ni Lubumbashi. Tarehe 5 mwezi wa nane reli iliwafikisha Fungurume. Hapo ndipo kazi ya kweli ilipoanzia.

Toka Fungurume hadi Sankisia, mahali reli nyingine ilipoanzia, kulikuwa na zaidi ya kilometa 230 za pori, mabonde na milima ya Mitumba, inayopanda karibu meta 2,000 juu ya bahari. Barabara haikuwako. Mamia ya wafanyakazi waliokusanywa katika vijiji walikata miti, wakapasua njia, wakajenga madaraja zaidi ya 150 ya magogo juu ya vijito na mabonde. Trakta mbili za mvuke zilivuta boti. Trakta ziliposhindwa na mlima, ng'ombe walifungwa mbele. Ng'ombe waliposhindwa, watu walivuta kamba kwa mikono.

Trakta za mvuke zinakunywa maji mengi, na mwezi wa nane ni wakati wa kiangazi. Palipokosekana maji, wanawake wa vijiji waliyaleta vichwani kwa vyungu, toka mbali, ili mashine ziendelee kutembea. Bila maji yale, Mimi na Toutou zingebaki porini Katanga hadi leo.

Tarehe 28 mwezi wa tisa boti zilifika Sankisia. Treni ilizipeleka Bukama. Toka hapo ziliteremka mto Lualaba, ambao maji yake yalikuwa yamepungua, zikikwama kwenye mchanga mara kwa mara na kusukumwa na watu waliosimama mtoni. Kutoka Kabalo treni nyingine iliwaleta upande wa ziwa, na mwishoni mwa mwezi wa kumi walikuwa Lukuga. Toka Uingereza walikuwa wamesafiri kilometa karibu 16,000. Hakuna boti iliyopotea.

John Lee hakuwako kuona mwisho wa wazo lake. Spicer-Simson alikuwa amemwondoa njiani kwa mashtaka ambayo wengi walidhani yalitoka kwa wivu.

Bwana Chifungatumbo

Pale Lukuga, Wabelgiji walikuwa chini ya Luteni-Koloneli George Moulaert, ambaye miaka ya baadaye angejulikana kama mkubwa wa migodi ya dhahabu ya Kilo-Moto. Walimpokea Mwingereza vizuri, lakini hawakukawia kuchoka naye. Alijipa vyeo, alidai saluti, na alibishana juu ya nani anamwamuru nani ziwani. Hata hivyo bandari ilibidi ijengwe. Waafrika na Wabelgiji walipasua mawe ya mlima na kuyatupa majini hadi ukuta wa kuzuia mawimbi ukatokea.

Waholoholo, wenyeji wa upande huo, walimtazama kwa mshangao. Spicer-Simson alikuwa ameacha suruali na kuvaa sketi ya kitambaa aliyoshonewa na mke wake. Alioga nje, mbele ya watu, kwa siku maalumu, akionyesha chanjo zake za nyoka, na mtumishi akimngojea na kinywaji. Watu wakamwita Bwana Chifungatumbo, kwa sababu ya kitambaa kile alichojifunga kiunoni. Inasimuliwa kwamba hata sanamu za udongo zilifinyangwa kwa mfano wake. Waingereza wenzake walikuwa wakimcheka kisirisiri. Wenyeji walimcheka pia, lakini walimwogopa, maana hawakujua mtu wa namna hii anaweza kufanya nini.

Siku ya pili ya Noeli

Wajerumani walisikia maneno juu ya kazi inayofanyika Lukuga. Mwanzoni mwa mwezi wa 12 mwaka 1915, luteni Rosenthal, komanda wa Kingani, aliogelea usiku hadi karibu na bandari ili aone kwa macho yake. Alipotaka kurudi, meli yake haikumpata tena, akakamatwa na askari wa Force Publique. Alichokiona hakikumfikia mkubwa wake Kigoma kwa wakati.

Mimi na Toutou zilishushwa majini tarehe 22 na 23. Noeli ikapita. Jumapili, tarehe 26, Spicer-Simson alikuwa akiongoza sala ya asubuhi wakati walinzi walipotangaza kwamba meli inakuja. Ilikuwa Kingani, chini ya komanda mpya, Junge. Spicer-Simson alimaliza sala bila haraka, ndipo akaamuru watu waingie kwenye boti.

Mzinga wa Kingani ulikuwa mbele tu. Boti mbili zenye mwendo mkali ziliizunguka toka nyuma, pale ambapo haikuweza kuzipiga. Mapigano hayakufika robo saa. Kombora moja lilipita kwenye kinga ya mzinga, likaua Junge na watu waliokuwa karibu naye. Fundi wa injini akashusha bendera. Kingani ilivutwa hadi ufukweni ikiwa imejaa maji, na kati ya waliotoka wazima ndani yake alikuwepo mbuzi mmoja.

Junge na wenzake walizikwa kwa heshima ya kijeshi. Kingani ilitengenezwa, ikawekewa mzinga mkubwa zaidi, ikaitwa Fifi. Ilikuwa mara ya kwanza katika vita vile meli ya kivita ya Wajerumani kukamatwa na kugeuzwa kuwa ya Waingereza. London ilifurahi, na mfalme akatuma pongezi. Mtu aliyekuwa amesahauliwa ofisini akathibitishwa kuwa komanda.

Wajerumani, kule Kigoma, hawakujua kilichotokea. Walidhani Kingani ilipigwa na mizinga ya Wabelgiji ya ufukweni. Kwa hiyo tarehe 9 mwezi wa pili mwaka 1916, Hedwig von Wissmann, meli ile ile iliyoharibu Delcommune, ilikuja kutafuta habari. Toutou ilikuwa imeharibiwa na dhoruba. Zikatoka Mimi, Fifi na vyombo vya Wabelgiji.

Siku hiyo ushindi haukuwa wa komanda peke yake. Fifi, aliyokuwa ndani yake, ilikuwa nzito na Hedwig ikawa inaiacha. Luteni Wainwright, aliyeongoza Mimi, alikimbia mbele bila amri, akaanza kuipiga Hedwig kwa nyuma. Kila mara Wajerumani walipogeuka kumjibu, walipoteza mwendo. Fifi ikawafikia. Makombora yake yalikuwa yanapita juu, hadi Wainwright aliporudi karibu na kumwambia mkubwa wake ashushe mzinga. Zilipobaki risasi chache kabisa, kombora likaingia kwenye chumba cha injini. Hedwig ikawaka moto, ikazama. Waliookoka, Wajerumani na Waafrika, walitolewa majini.

Meli aliyokataa kupigana nayo

Muda mfupi baada ya Hedwig kupotea, moshi mkubwa ulionekana tena ziwani. Ilikuwa Graf von Götzen, ikimtafuta mwenzake. Watu wa Spicer-Simson wakakimbilia boti, wakingoja amri. Amri haikuja. Komanda aliitazama Götzen kwa darubini, akaamua kwamba hatatoka. Meli ikapita polepole, ikaondoka.

Kuna wanaosema alifanya vizuri, kwa kuwa mzinga wa Götzen ungeweza kuvunja boti zake zote kabla hazijafika karibu. Wengine wanasema siku ile moyo wake ulivunjika. Ukweli ni kwamba tangu hapo hakupigana tena. Aliondoka Lukuga kwenda kutafuta meli kubwa zaidi upande wa mto Kongo, akarudi mwezi wa tano na boti ya chuma tu iliyokuwa ya konsuli wa Uingereza huko Léopoldville.

Wabelgiji hawakumngoja. Waliomba ndege za majini, Uingereza ikawapa nne za aina ya Short. Rubani wa Kibelgiji waliziunganisha na kuzirusha toka ziwa dogo la Tungwe, kusini ya Lukuga. Tarehe 10 mwezi wa sita mwaka 1916 walifika Kigoma na kuangusha mabomu kwenye bandari na Götzen. Hizo zilikuwa kati ya ndege za kwanza kabisa zilizoonekana na wakaaji wa pande hizi.

Mwezi huo huo, Spicer-Simson alitumwa kusini, Bismarckburg, ambayo leo ni Kasanga, Tanzania. Jeshi la Waingereza lilikuwa linakaribia toka inchi kavu, na kazi yake ilikuwa kufunga njia ya maji. Aliona mizinga juu ya ngome, akaziondoa boti zake. Usiku, Wajerumani walitoroka kwa mitumbwi. Ngome ilipoingiwa, ikaonekana kwamba mizinga ile ilikuwa ya mbao.

Kivu wavuka mpaka

Wakati komanda anabishana kusini, vita vya kweli vilikuwa vimehamia kaskazini. Jenerali Charles Tombeur alikuwa amepanga majeshi mawili makubwa. La kaskazini, chini ya Koloneli Molitor, liliingia Rwanda, na Kigali ikatekwa mwezi wa tano mwaka 1916. La kusini, chini ya Luteni-Koloneli Olsen, mzaliwa wa Denmark, lilivuka Ruzizi toka upande wa Kivu, likachukua Shangugu, ng'ambo tu ya Bukavu. Idjwi ikarudi mikononi mwa Kongo.

Mwezi wa sita Olsen alifika Usumbura, kisha Kitega. Ziwa halikuwa tena hatari upande wake wa kuume. Tarehe 26 mwezi wa saba, Wajerumani waliona kwamba Kigoma inaanguka. Waliizamisha Götzen wenyewe, baada ya kupaka injini zake mafuta mazito ili zisishikwe na kutu. Siku mbili baadaye Force Publique ikaingia Kigoma. Tarehe 19 mwezi wa tisa ikateka Tabora.

Baadaye ilijulikana jambo moja lililowauma wengi. Kabla ya Kigoma kuanguka, mzinga mkubwa wa Götzen ulikuwa umeshatolewa na kupelekwa kwa askari wa inchi kavu, na mwingine wa mbao kuwekwa mahali pake. Meli iliyoogopwa na ziwa zima ilikuwa, miezi yake ya mwisho, karibu haina silaha.

Miaka ya mwisho

Spicer-Simson alirudi Uingereza mwaka 1916 akiwa mgonjwa wa mwili na roho. Alipewa medali ya DSO, na Wabelgiji, pamoja na ugomvi wote, wakampa medali zao. Lakini jeshi la majini halikumpa tena meli ya kuongoza. Alirudi kwenye karatasi.

Kifaransa chake kilimsaidia tena. Alishiriki mkutano wa amani wa Paris mwaka 1919. Mwaka 1921 akawa katibu mkuu wa Ofisi ya Kimataifa ya Kupima Bahari, huko Monaco, kazi aliyoifanya hadi mwaka 1937. Huenda hiyo ndiyo ilikuwa kazi yake halisi: kupima kina cha maji na kuchora ramani, bila kumpiga mtu. Baadaye alihamia British Columbia, Kanada, akafa huko mwezi wa kwanza mwaka 1947, akiwa na umri wa miaka 71.

Habari za boti zake zilimfikia mwandishi C. S. Forester, ambaye mwaka 1935 alitoa kitabu The African Queen. Filamu yake ya mwaka 1951 ilipigwa sehemu moja hapa Kongo, kwenye mto Ruiki, karibu na Ubundu. Ndani ya filamu hiyo hakuna Spicer-Simson, hakuna Force Publique, na hakuna mwanamke wa Katanga mwenye chungu cha maji.

Waliobeba, na meli iliyorudi

Ni kwa hao maisha ya komanda huyu yanapata maana kwetu. Katika kampeni ya Wabelgiji upande wa mashariki, hesabu inayotajwa mara nyingi ni zaidi ya wapagazi 200,000, walioondolewa kwenye mashamba ya Kivu, Maniema, Katanga na pande nyingine. Walibeba risasi, unga, vipande vya mizinga na wagonjwa. Wengi walikufa kwa njaa, kuhara na baridi ya milima, na vijiji walivyotoka vilibaki bila nguvu za kulima. Boti mbili zina majina. Hata mbuzi wa Kingani ana nafasi yake katika vitabu. Mpagazi hana.

Delcommune, meli iliyoharibiwa siku ya kwanza, ilitengenezwa, ikarudi kazini ikiitwa Vengeur, yaani mlipiza kisasi. Götzen nayo haikubaki chini ya maji. Waingereza waliiinua mwaka 1924, na injini zile zilizopakwa mafuta zikawaka. Mwaka 1927 ilianza kubeba abiria kwa jina jipya, Liemba.

Mwaka 1997, baada ya vita vilivyomwondoa Mobutu, maelfu ya Wakongomani waliokuwa wamekimbilia Tanzania walitaka kurudi nyumbani. Shirika la Umoja wa Mataifa la wakimbizi lilitafuta chombo. Kilichopatikana Kigoma kilikuwa Liemba. Kwa miezi mitano ilikwenda na kurudi kati ya Kigoma na Uvira, ikarudisha watu zaidi ya 75,000. Wengi wao walishuka Uvira na mabunda yao kichwani, wakapanda bonde la Ruzizi kuelekea nyumbani, bila kujua kwamba meli iliyowaleta ndiyo ile ambayo Bwana Chifungatumbo aliitazama kwa darubini asubuhi moja ya mwaka 1916, akaiacha iende.